Maji ya Sabuni Yasifike Ziwani: Mwongozo kwa Wanaofua, Kudeki na Kusafisha Choo Jirani na Maji

Swali linalokuja mara nyingi kuliko yote ni hili: "Sabuni gani haiui samaki?" Anauliza anayefuga sato kwenye bwawa nyuma ya nyumba, anauliza mwenye vizimba, anauliza mpangaji anayefulia mlimani huku mtaro unapita mlangoni. Jibu ni fupi: hakuna. Sabuni yoyote ikiingia majini kabla haijaoza inaumiza viumbe wa humo, iwe ya unga, ya maji au ya mche, na hata ile iliyoandikwa "asilia" kwenye paketi. Zinazidiana ukali tu.

Kinacholeta tofauti kubwa ni njia ambayo maji hayo yanapita ukishayamwaga. Kwa hiyo humu utakuta habari za ndoo, jembe na udongo kuliko majina ya sabuni.

Nimeandika nikiwa na Mwanza kichwani: nyumba juu ya miamba, mitaro inayoteremka kwa kasi, Mto Mirongo unaokatiza katikati ya jiji na kumwaga kila ulichobeba katika Ziwa Victoria. Lakini hatua ni zilezile kwa aliye Musoma, Bukoba, Kisumu au Entebbe, na kwa yeyote mwenye kijito, lambo au bwawa karibu na uwanja wake.

Yanayotokea majini, kwa ufupi

Jaribu hili mezani. Jaza bilauri maji, weka juu yake kipande cha karatasi laini ya chooni, kisha laza sindano ya kushonea juu ya karatasi. Karatasi italowa na kuzama, sindano itabaki inaelea juu ya ngozi ya maji. Sasa dondosha tone moja la sabuni ya maji pembeni. Sindano inazama papo hapo. Wadudu wanaotembea juu ya maji, ambao ni chakula cha samaki wadogo, wanazama hivyohivyo povu likiwafikia.

Kwa samaki, sabuni huondoa ule ute unaowakinga ngozi na kuchoma matamvua, yaani pale wanapovutia hewa. Kiungo kikuu cha sabuni nyingi za unga na za maji huanza kuua samaki kwa miligramu chache tu katika lita moja ya maji.

La pili ni fosfeti, ambayo viwanda huiweka kwenye baadhi ya sabuni za unga ili kulainisha maji. Ikifika ziwani inakuwa mbolea: mwani unastawi, maji yanageuka kijani, gugumaji linanenepa. Mwani ukifa, bakteria wanaouozesha wanamaliza hewa ya oksijeni, na samaki wanakosa pumzi. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo kikali cha fosfeti kwenye sabuni za kufulia za majumbani kuanzia tarehe 30 Juni 2013. Tuwe wakweli: sabuni si mkosaji peke yake. Mbolea za mashambani, udongo unaosombwa na mvua, moshi na vumbi linaloshuka kutoka angani, na vinyesi vya miji vinaingiza fosfeti nyingi zaidi katika Ziwa Victoria. Lakini hivyo huna ufunguo navyo. Beseni lako unalo.

La tatu ni klorini ya jiki na asidi ya dawa ya choo. Hizo nitazirudia kwenye hatua ya 7, maana ndizo zinazoweza kukudhuru hata wewe.

Usijidanganye kwamba ziwa ni kubwa. Ni kubwa kweli, kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini maji yako hayaendi katikati. Yanabaki ufukweni, kwenye ghuba na matete, na humo kwenye maji mafupi ndimo sato dume anapochimba kiota na makinda wanapokulia.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ndoo mbili za lita 20 na mabeseni mawili
- Kijiko cha chakula kitakachobaki kwenye sabuni siku zote (si kile mnacholia)
- Jembe, koleo, na sururu kama ardhi ni ngumu
- Kijiti kilichonyooka na rula au futi ya fundi
- Kokoto au mawe madogo, karai tatu au nne
- Matawi makavu, majani makavu, maranda au nyasi
- Machipukizi manne ya mgomba
- Ndoo moja kuukuu yenye kutu au ufa, usiitupe, tutaitoboa
- Glovu za mpira

Kama huna uwanja wa kuchimba, soma hatua zote kisha nenda sehemu ya mwisho. Ipo njia.

Hatua ya 1: Yafuate maji yako mpaka yanapoishia

Siku ya kufua, kabla hujamwaga, tupia kiganja cha maranda au pumba kwenye maji. Mwaga mahali mnapomwaga kila siku, halafu yafuate kwa miguu. Watu wengi wanaamini maji yao "yanaishia hapohapo chini". Kwenye miteremko ya Mwanza utayaona yanazunguka jiwe, yanapita uchochoroni kwa jirani, yanaingia mtaroni, na mtaro hauna mwisho mwingine isipokuwa mto au ziwa.

Pima pia umbali kutoka nyumba hadi ukingo wa maji. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu, na zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Kama unafulia juu ya mawe ya ufukweni au unaosha pikipiki ikiwa imezama nusu gurudumu, uko ndani ya mita hizo. Chota maji, panda nayo juu, fulia huko. Ni kazi, najua, hasa kwa anayebeba ndoo kichwani. Lakini hatua zote zinazofuata hazina maana kama sabuni inaingia ziwani moja kwa moja.

Hatua ya 2: Punguza kipimo cha sabuni

Maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayana chokaa nyingi. Maana yake sabuni inashika haraka na inatosha kidogo. Aliyezoea visima vya maji magumu ya Pwani au Dodoma akihamia Mwanza huendelea kumimina kwa mkono uleule, na nusu ya sabuni hiyo inaishia kusuuzwa tu.

a) Soma kipimo kilichoandikwa kwenye paketi na ugeuze kiwe vijiko.
b) Wiki ya kwanza tumia robo tatu ya kipimo hicho.
c) Nguo zikitakata, wiki ya pili shuka hadi nusu.
d) Zikianza kutoka na harufu au kola kubaki chafu, rudi juu kijiko kimoja. Hapo ndipo kipimo chako. Kiandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye mfuniko wa ndoo ili kila anayefua nyumbani akione.

Kosa la kawaida: kupima usafi kwa povu. Povu halitoi uchafu. Viwanda huongeza povu kwa sababu mnunuzi analipenda. Beseni lenye povu jembamba linatakatisha sawa na lile linalofurika.

Kosa la pili: kumimina kutoka kwenye paketi. Mkono haupimi.

Ukinunua, angalia nyuma ya paketi. Ukikuta herufi STPP (ni aina ya fosfeti) au neno "phosphate", rudisha rafuni na uchukue nyingine. Mara nyingi orodha ya viungo haipo kabisa; hapo mche wa sabuni ni chaguo la salama zaidi. Umetengenezwa kwa mafuta, mara nyingi ya mawese, na unaoza haraka zaidi ukifika kwenye udongo.

Hatua ya 3: Panga mabeseni

Loweka nguo kwa maji matupu dakika 30 kabla ya sabuni. Vumbi na jasho vitatoka bila gharama. Sugua kola, makwapa na pindo za suruali kwa mche, halafu ndipo uingize kwenye beseni la sabuni. Fua nyeupe kwanza, za rangi zifuate katika maji yaleyale, na mwisho matambara ya deki.

Maji ya kusuuzia mara ya mwisho yatunze kwa kuloweka mzigo unaofuata, au kwa kudeki. Usiyalaze zaidi ya siku moja. Yanaoza na kunuka, na mbu hawachelewi.

Hatua ya 4: Pima udongo kabla ya kuchimba

Hapa ndipo kiini cha mwongozo: kuchimba shimo fupi la kumwagia maji ya sabuni, lenye migomba kuzunguka. Sabuni inavunjwa na bakteria wa udongoni, na bakteria hao wanataka hewa. Udongo wa juu, ule wa sentimita 50 hadi 80 wenye mizizi na minyoo, unaivunja kwa siku au wiki chache. Shimo refu lililofunikwa kwa zege halina hewa, na humo kiungo kikuu cha sabuni kinakaa karibu kama kilivyoingia. Udongo mwekundu una faida nyingine: chuma kilichomo kinashika fosfeti isiende mbali.

Chagua mahali palipo angalau mita 30 kutoka kisimani, mita 3 kutoka msingi wa nyumba, na upande wa chini wa mteremko kuliko kisima. Chimba kishimo cha upana wa sentimita 30 na kina cha 40. Kijaze maji, yaache yanywee yote. Jaza tena, simamisha kijiti, weka alama usawa wa maji, subiri saa moja.

- Yakishuka pungufu ya sentimita 2 na nusu, ni mfinyanzi. Hapo hapafai, jaribu pengine.
- Yakipotea ndani ya dakika chache, ni mchanga mtupu. Panafaa, lakini utachanganya mboji nyingi ndani, la sivyo sabuni inapita bila kukaa.
- Yakiwa katikati ya hayo, shika jembe.

Wakati wa masika angalia pia kama maji ya ardhini yako juu. Ukichimba mita moja ukakuta maji, usichimbe shimo hapo.

Hatua ya 5: Tengeneza mduara wa migomba

a) Chora duara la kipenyo cha mita 1 na sentimita 20.
b) Chimba kina cha sentimita 70. Udongo unaotoka uuzungushie ukingoni uwe tuta la upana wa hatua moja. Upande wa juu wa mteremko linyanyue zaidi ili maji ya mvua yasiingie.
c) Mwaga kokoto chini, unene wa sentimita 10.
d) Jaza matawi makubwa, kisha madogo, kisha majani na nyasi, mpaka lundo liwe juu ya usawa wa ardhi. Usilishindilie. Hewa ndiyo inayofanya kazi.
e) Toboa ile ndoo kuukuu matundu mengi chini, ijaze nyasi au maranda, ikalishe katikati ya lundo. Hii ndiyo sehemu ya kumwagia. Inanasa nyuzi, nywele na mabaki ya chakula.
f) Panda machipukizi manne juu ya tuta, mita moja na nusu kati ya moja na jingine. Katikati yake unaweza kuongeza matete, miwa au maua.
g) Anza kumwaga baada ya wiki moja, ndoo moja moja, kwa kuzunguka. Siku ya kufua nguo nyingi, pumzika kati ya ndoo na ndoo.

Kwa familia ya watu watano au sita inayofua kwa mkono, shimo moja linatosha. Wapangaji wakiwa kaya tatu, chimbeni mawili na mpishane wiki kwa wiki.

Majani ya ndani yatabonyea. Ongeza mapya kila mwezi. Kila baada ya miezi kadhaa chota mboji iliyooza chini na uitie kwenye mashina ya miti, halafu jaza upya. Ndizi zake ni salama kula, kwa sababu mkungu haugusani na maji. Usipande humo mchicha, saladi, karoti wala kitu chochote kinacholiwa kibichi.

Maonyo: maji ya nepi na ya nguo zenye damu yaende chooni, si hapa. Maji yenye jiki pia si hapa. Na usiruhusu maji yasimame juu wazi, maana utakuwa unafuga mbu.

Hatua ya 6: Vyombo na mafuta ya jikoni

Futa sufuria na sahani kwa karatasi au gunzi la mahindi kabla ya kuosha. Mafuta yanaziba udongo haraka kuliko sabuni. Majivu ni mazuri kwa kusugulia masizi, na ukiyamwaga kwenye mduara hayana neno. Usiyamwage kwenye bwawa la samaki, yanapandisha ukali wa magadi majini ghafla.

Bomba la sinki likiziba, anza na maji ya moto na pampu ya mpira. Kostiki soda ni ya mwisho kabisa, na asidi ya betri isiwemo kwenye orodha yako.

Hatua ya 7: Jiki na dawa ya choo

Tufanye hesabu. Jiki ya asilimia 3.5 ina gramu 35 za kemikali yake ya klorini kwa lita. Mililita 100, yaani chini ya nusu kikombe cha chai, zina gramu 3.5. Klorini ya miligramu 0.1 kwa lita inatosha kuumiza matamvua ya samaki wengi. Kama hakuna kitu cha kuipunguza njiani, kiasi hicho kidogo kinatosha bwawa la mita 7 kwa 5 lenye kina cha mita 1. Kwa kweli jua na uchafu huipunguza sana, na hilo ndilo tutakalotumia hapa chini.

Kanuni zangu ni hizi:

Sakafu ya kila siku haihitaji jiki. Maji, sabuni kidogo na mkono vinatosha. Nyumba kunuka jiki kuna watu wanaona ndiyo usafi. Ni harufu tu.

Jiki iache kwa choo, matapishi, damu na ugonjwa. Kukiwa na kipindupindu mtaani, usibane: changanya sehemu 1 ya jiki ya asilimia 3.5 na sehemu 6 za maji upate dawa ya asilimia 0.5, na ufuate maelekezo ya wahudumu wa afya. Afya ya watoto wako inatangulia samaki, na maji hayo yote mwisho wake chooni.

Maji ya jiki yaliyobaki baada ya kufua nyeupe, yaweke kwenye ndoo wazi juani mchana kutwa, mbali na watoto na mifugo. Kesho yake yamwage kwenye ardhi tupu, pasipo mmea unaoutaka na mbali na mtaro.

Usimimine jiki kwenye choo cha shimo wala kwenye karo kila wiki eti kuondoa harufu. Inaua bakteria wanaopunguza kinyesi, na shimo linajaa mapema.

ONYO KUBWA: usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi. Inatoka gesi ya klorini, na watu wanaanguka nayo vyooni kwa sababu chumba ni kidogo na hakina dirisha. Jiki na mkojo mwingi uliokaa nayo hutoa gesi ya kuchoma macho na koo. Mwaga maji kwanza, kisha tumia kimoja tu, mlango ukiwa wazi. Ikikurukia jichoni, safisha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda zahanati.

Madoa ya njano chooni yalaze usiku kucha na siki au maji ya limau, asubuhi sugua kwa brashi. Yasipotoka, ndipo tumia dawa ya asidi, kidogo, mahali pa doa tu. Kumwaga chupa nusu kuzunguka bakuli lote ni kuharibu fedha.

Hatua ya 8: Vyandarua na dawa za kunguni

Hii inasahaulika, na pengine ndiyo mbaya kuliko sabuni yote ya mwezi. Vyandarua vya msaada vina dawa ya jamii ya pairethroidi, na dawa za kupulizia kunguni na mende nyingi ni za jamii hiyohiyo. Kwa binadamu ina madhara madogo ikitumika vizuri. Kwa samaki, dagaa na uduvi ni sumu kali hata ikiwa chembe.

Usifue chandarua ziwani, mtoni wala bwawani. Kifulie kwenye beseni kwa mche wa sabuni, bila jiki na bila kukipiga kwenye jiwe, si zaidi ya mara moja kila miezi 3. Maji yake yamwage kwenye choo cha shimo, au kwenye kishimo ulichochimba mbali na maji na mifugo, kisha ufukie. Dawa hii inashika udongo vizuri, haitembei mbali. Anika kivulini. Chandarua cha muda mrefu kimetengenezwa kustahimili kufuliwa kama mara 20, kwa hiyo ukikifua kila Jumamosi umebaki na wavu tu.

Hatua ya 9: Kwa wanaotengeneza sabuni ya maji nyumbani

Mko wengi siku hizi, na wachache wanajua kwamba salfoniki mnayokoroga ndiyo kiungo kikuu kinachoumiza samaki, ikiwa haijapunguzwa. Ndoo na mwiko vikishaisha kazi, visuuze kwa maji kidogo na uyaweke kando yawe maji ya kwanza ya mzigo unaofuata. Hapo hupotezi mtaji. Kilichomwagika chini kifunike kwa mchanga au maranda, kizoe, usikisukumie mtaroni kwa mpira wa maji. Madumu matupu yasiuzwe kwa wachota maji ya kunywa.

Ikikwama

*Shimo linanuka.* Limekosa hewa, au mmelijaza mafuta ya jikoni. Acha kumwaga kwa siku tano, fukua majani ya juu, ongeza matawi makavu na maranda. Likiendelea kunuka, fukua yote na ujaze upya.

*Maji yanasimama juu.* Aidha ndoo ya juu imeziba, badilisha nyasi zake, au unamwaga mengi kwa mpigo. Wakati wa masika ni kawaida kwa siku moja mbili. Likisimama hata kiangazi, udongo umeshiba: chimba la pili, pumzisha la kwanza.

*Majani ya mgomba yanakauka ncha.* Chumvi ya sabuni ya unga imerundikana. Mwagia maji safi au ya mvua ndoo kadhaa, ongeza samadi, na hamia kwenye mche wa sabuni kwa muda. Ukiona udongo umekuwa mgumu na mweupe juu, kipimo chako bado kikubwa.

*Nguo zinakuwa ngumu au zinafifia.* Mara nyingi ni sabuni iliyobaki kwenye nyuzi. Punguza kipimo kabla ya kuongeza maji ya kusuuzia.

*Samaki bwawani wanahema juu ya maji.* Angalia saa. Ikiwa ni alfajiri na wanashuka jua likipanda, ni upungufu wa oksijeni: acha kuwalisha, punguza mwani, ingiza maji mapya, yapige kwa ndoo au pampu yachanganyike na hewa. Ikiwa ni saa yoyote, wanakimbia ovyo na matamvua yana ute mwingi, shuku kemikali: badilisha theluthi ya maji haraka na utafute ilipoingilia. Dalili nyingine: sato wakifa na kambale wakabaki wazima, yaelekea ni oksijeni, maana kambale anaweza kuvuta hewa ya juu. Ukijazia maji ya bomba yenye klorini, yaache kwenye tangi wazi siku moja au mbili kwanza.

*Maji ya ufukweni yamekuwa kijani kizito.* Usiyanywe hata yakichemshwa. Baadhi ya mwani huo una sumu ambayo moto hauiondoi. Ng'ombe na mbuzi nao wanywee kwingine mpaka yasafike.

*Nyumba iko juu ya mwamba.* Wengi wa Mwanza hawana cha kuchimba. Jenga tuta la juu: zungushia mawe eneo la mita 2 kwa 1, tandika kokoto sentimita 15, juu yake udongo mwekundu uliochanganywa na mboji sentimita 50, panda matete. Mwagia upande mmoja kupitia ndoo iliyotobolewa, na upande wa pili weka udongo na mawe zaidi ili kisitoke kitu kabla hakijapita kwenye mizizi.

*Mwenye nyumba hataki kuchimbwa, au uwanja ni wa saruji.* Chagua miti minne au mitano ya karibu, mwembe, mpapai, hata mti wa jirani ukimwomba. Kila siku ya kufua mwagia mti mmoja tu, hatua moja kutoka kwenye shina, juu ya majani makavu uliyotandaza, na siku nyingine uende kwa unaofuata. Kama hakuna hata mti, tumia choo kinachoingia kwenye karo badala ya mtaro, na weka mkazo wote kwenye hatua ya 2.